Muhuri wa Nta wa Kifalme: Namna ya Kuusoma, Kuutengeneza na Kuutunza

Hati ya Magna Carta, ambayo Mfalme John wa Uingereza aliikubali huko Runnymede mwezi Juni 1215, haikutiwa saini. Mfalme aliamuru itundikwe chapa ya Muhuri wake Mkuu, na nta hiyo ndiyo iliyowajulisha maaskofu na maofisa waliopelekewa nakala kwamba maneno yaliyomo ni ya mfalme mwenyewe. Nakala nne za mwaka ule zimesalia hadi leo: mbili zimo katika Maktaba ya Uingereza mjini London, moja iko Lincoln na nyingine Salisbury. Kati ya hizo ni moja tu iliyobaki na muhuri wake, nao ni donge lisilosomeka, kwa sababu hati hiyo ilipatwa na moto wa jumba la Ashburnham mwaka 1731 na nta ikayeyuka. Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa maana muhuri ulikuwa ndio nusu ya hati.

Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa historia anayetaka kuisoma mihuri ya namna hiyo, mtunza nyaraka aliyekabidhiwa mmoja, na fundi au kikundi cha maigizo kinachotaka kutengeneza mfano wake kwa njia ya kale. Mifano mingi ni ya Uingereza, kwa kuwa huko utaratibu wa Muhuri Mkuu umeendelea kwa karibu miaka elfu moja na unatumika hadi sasa. Ni utaratibu uliogusa pia ardhi yetu: hati ya kifalme iliyoipa kampuni ya Imperial British East Africa mamlaka ya kuendesha shughuli zake katika Afrika Mashariki, ya tarehe 3 Septemba 1888, ni ya aina ya hati zinazotolewa chini ya Muhuri Mkuu.

Kwanza, fahamu muhuri unathibitisha nini

Katika Ulaya ya zama za kati mwandiko wa hati ulikuwa wa karani, na jina la mfalme lililoandikwa chini yake liliandikwa na karani huyo huyo. Mpokeaji alihitaji ushahidi ambao karani asingeweza kuutoa peke yake. Chapa iliyotoka kwenye kalibu moja tu, yaani kifaa kilichochongwa picha kwa kinyume cha kukandamizia nta, iliyofungiwa mahali pamoja na kushikwa na mtu mmoja anayejulikana, ilikuwa ushahidi wa namna hiyo. Hata asiyejua kusoma aliweza kuishika mkononi, akamwona mfalme amekaa kwenye kiti chake, akajua hati imetoka wapi. Kwa hiyo anayeuchunguza muhuri wa kifalme asiishie kuuliza nta ni ya aina gani. Swali la msingi ni nani aliyeishika kalibu siku ile, na kwa amri ya nani.

Desturi yenyewe ni ya zamani kuliko Uingereza. Childeric wa Kwanza, mfalme wa Wafaranki aliyefariki takriban mwaka 481, alizikwa Tournai pamoja na pete ya muhuri yenye sura yake na jina lake, na kaburi hilo lilifukuliwa mwaka 1653. Wafalme wa ukoo wake waligandisha nta moja kwa moja juu ya uso wa hati. Baadaye Charlemagne alitumia kito cha kale cha Kirumi kilichochongwa sura, akakifanya muhuri wake. Mapapa wa Roma walichagua madini ya risasi, yenye vichwa vya Petro na Paulo, ambayo hustahimili joto la Mediterania kuliko nta. Makaisari wa Bizanti walitundika dhahabu kwenye hati zao za heshima, na Kaisari Charles wa Nne akafanya vivyo hivyo mwaka 1356 katika sheria ya uchaguzi wa makaisari wa Ujerumani. Katika dola za Kiislamu, kuanzia Istanbul hadi Delhi, makatibu walipendelea kupaka kalibu wino na kuigonga juu ya karatasi, na mihuri ya mpira ya ofisi zetu leo iko karibu zaidi na njia hiyo kuliko na ile ya nta.

Nchini Uingereza, mfalme wa kwanza kuwa na muhuri wa pande mbili ulioning'inia chini ya hati ni Edward the Confessor, aliyetawala kuanzia 1042 hadi 1066. Muhuri wake ulikuwa na upana wa takriban milimita 76, na pande zote mbili zilimwonyesha ameketi kwenye kiti cha enzi. William, aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, alibakiza upande mmoja wa kiti cha enzi na upande wa pili akajiweka juu ya farasi akiwa na silaha. Mfalme upande mmoja kama hakimu, upande mwingine kama askari: mpangilio huo ulidumu kwa karne nyingi.

Pili, ijue njia ambayo hati ilipitia

Kwa kuwa kalibu kubwa ilikaa kwa Chansela, mkuu wa ofisi iliyoandika na kutoa hati za mfalme, na haikumfuata mfalme kila aendako, mfalme alihitaji njia ya kumwamuru Chansela aitumie. Ndipo ulipozuka muhuri mdogo wa mfalme, uitwao Muhuri wa Faragha, ambao ulikuwa umeshaanza kutumika wakati wa Mfalme John. Katika karne ya 14 huo nao uligeuka kuwa ofisi yenye makarani wake, na mfalme akajipatia muhuri mdogo zaidi, uliokaa kwa katibu wake wa karibu. Matokeo yake, zawadi ya ardhi au cheo ingeweza kupita kwenye mihuri mitatu: ule wa katibu ulimwamuru mtunza Muhuri wa Faragha, naye alimwamuru Chansela, na Chansela ndiye aliyetoa hati yenye Muhuri Mkuu. Kila hatua iliongeza ada na siku za kusubiri, na wapokeaji walinung'unika. Hata hivyo, kila hatua ilikuwa pia kizuizi dhidi ya udanganyifu na dhidi ya pupa ya mfalme mwenyewe, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya busara zaidi katika mfumo mzima.

Uzito wa kuishika kalibu unaonekana vizuri pale mambo yalipoharibika. Mwaka 1642, Mfalme Charles wa Kwanza alipokosana na Bunge, mtunza Muhuri Mkuu aliupeleka kwa mfalme huko York, na Bunge likajikuta haliwezi kutoa hati halali hata ya kumteua hakimu. Mwaka uliofuata likaagiza kalibu yake, na nchi moja ikawa na Mihuri Mikuu miwili inayopingana. Mfalme alipouawa mwaka 1649, kalibu mpya iliyochongwa na Thomas Simon haikuwa na mfalme kabisa: upande mmoja iliweka ramani ya Uingereza na Ireland, na upande wa pili Bunge likiwa kikaoni. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 1688, James wa Pili alikimbia London na kuitupa kalibu katika mto Thames, akitumaini kwamba bila hiyo hakuna atakayeweza kuitisha Bunge kihalali. Kalibu ikaja kuopolewa mtoni, na Bunge likakutana bila yeye. Mwaka 1784 wezi waliingia nyumbani kwa Chansela Thurlow, mtaa wa Great Ormond, wakaiba kalibu wakati ambapo Bunge lilikuwa karibu kuvunjwa, na mafundi wakalazimika kutengeneza nyingine kwa muda wa siku moja.

Sheria ya Uhaini ya mwaka 1351 ililiweka kosa la kughushi Muhuri Mkuu pamoja na kosa la kupanga kumuua mfalme. Chansela alikuwa pia na ofisa ambaye kazi yake rasmi ilikuwa kupasha nta joto, na cheo hicho hakikufutwa hadi mwaka 1852.

Tatu, usome muhuri ulio mbele yako

Anza na mwanga. Taa inayomulika kutoka juu huifanya nta ionekane kama sahani tupu. Izime, uweke muhuri juu ya kitambaa laini, kisha ushike tochi kando yake, karibu usawa wa meza, ili kila mwinuko utupe kivuli. Piga picha ukiwa umeuweka mwanga upande wa kushoto, kulia, juu na chini, kwa kuwa herufi iliyofichika katika picha moja mara nyingi hujitokeza katika nyingine. Pima upana kwa milimita bila kuigusa nta kwa rula ya chuma.

Baada ya hapo tafuta msalaba mdogo juu katikati ya ukingo. Maandishi huanzia hapo na kuzunguka kuelekea kulia. Mengi ni ya Kilatini kilichofupishwa, na kistari kidogo juu ya herufi huashiria kwamba herufi nyingine zimeachwa. Muhuri wa Edward the Confessor unasema SIGILLUM EADWARDI ANGLORUM BASILEI, yaani muhuri wa Edward, mtawala wa Waingereza. Wa Mfalme John unamwita upande mmoja mfalme wa Uingereza na bwana wa Ireland, na upande wa pili mtawala wa Normandy na Aquitaine na mkuu wa Anjou.

Orodha hiyo ya vyeo ndiyo kalenda yako bora. Richard wa Kwanza alibadilisha muhuri wake mwaka 1198, na katika muhuri huo wa pili ndimo simba watatu wa Uingereza wanapoonekana kwa mara ya kwanza. Kisha akawalazimisha wenye hati za muhuri wa zamani kuzileta zithibitishwe upya kwa malipo, jambo lililomletea fedha nyingi. Edward wa Tatu alianza kujiita mfalme wa Ufaransa mwaka 1340, na maua ya yungiyungi ya Ufaransa yakaingia kwenye ngao yake. Aliliacha dai hilo kwa mkataba wa mwaka 1360 na kulirudisha mwaka 1369. Warithi wake waliendelea kulishikilia, na halikuondolewa katika vyeo vya mfalme hadi mwaka 1801. Kwa hiyo chapa ya Edward wa Tatu isiyoitaja Ufaransa ama imetoka katika miaka ya mwanzo ya utawala wake, ama katika kile kipindi cha kati, na maneno ya hati yenyewe yatakuonyesha ni kipi.

Tazama rangi, lakini usiitegemee peke yake. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 12, ofisi ya Chansela ilizoea kutumia nta ya kijani kwa zawadi za kudumu, kama vile ardhi itakayorithiwa, na nta isiyotiwa rangi kwa amri za muda. Nyekundu ilikuwa rangi ya Muhuri wa Faragha. Wafaransa walikuwa na desturi inayofanana na hiyo: kijani juu ya nyuzi za hariri nyekundu na kijani kwa mambo ya kudumu, na manjano kwa yale yenye kikomo. Katika Uingereza ya leo kijani iliyokolea huwekwa kwenye hati za kumpa mtu cheo cha ulodi, buluu kwenye hati zinazowahusu jamaa wa karibu wa mfalme, na nyekundu kwenye uteuzi wa maaskofu na hati nyingine nyingi. Kumbuka kwamba nta isiyotiwa rangi huwa kahawia kwa umri, na kijani cha kale kinaweza kuonekana cheusi. Kwa hiyo chunguza mahali palipomeguka, ambapo rangi ya ndani haijaguswa na mikono wala moshi.

Halafu angalia namna muhuri ulivyoshikamanishwa, kwa sababu hapo ndipo aina ya hati inapojidhihirisha. Amri fupi ya mfalme ilikatwa ulimi mwembamba kwenye ukingo wa chini wa ngozi yenyewe, na nta ikagandishwa juu ya ulimi huo. Hati ya wazi, iliyokusudiwa kusomwa na watu wote, ilikunjwa ukingo wa chini ili ngozi iwe na unene wa mara mbili, ikatobolewa, kisha kikapitishwa kipande kingine cha ngozi ambacho ncha zake mbili zilizama ndani ya nta. Kwa hati ya heshima ya juu zilitumika nyuzi za hariri zilizosukwa. Barua ya kufungwa ilikunjwa na kufungwa kwa nta kwa namna ambayo mpokeaji hakuweza kuisoma bila kuuvunja muhuri, na ndiyo sababu barua chache sana za aina hiyo zina chapa iliyo nzima.

Mwisho wa uchunguzi, geuza jicho kwenye ukingo wa nta. Waghushi hawakuhitaji kuchonga kalibu mpya ikiwa walikuwa na hati halisi mkononi: waliupasua muhuri wake kati ya pande mbili kwa waya wa moto, wakautoa kwenye uzi, na kuugandisha kwenye hati ya uongo. Ufa unaouzunguka ukingo wote kwa mstari ulionyooka, nta ya rangi mbili, au uzi usiopita katikati kabisa, ni dalili za kuhofia. Watawa wa Westminster katika karne ya 12 walitengeneza hati kadhaa kwa jina la Edward the Confessor, na wataalamu walizitambua kwa kulinganisha maneno, mwandiko na muhuri kwa pamoja. Muhuri mzuri hauiokoi hati mbaya.

Nne, tengeneza muhuri wa pande mbili kwa njia ya kale

Tahadhari ya kisheria itangulie. Usiige muhuri wa dola unaotumika sasa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 9, inautaja muhuri wa umma miongoni mwa alama za taifa, sambamba na bendera, wimbo wa taifa na nembo, na kuighushi mihuri ya serikali ni kosa la jinai Kenya na Tanzania vilevile. Buni picha yako mwenyewe, au iga ya mfalme wa kale kwa ajili ya mafunzo na uandike neno NAKALA nyuma ya hati.

Kwa kalibu, jiwe la sabuni kutoka Tabaka, Kisii, linafaa mno: ni laini kwa patasi, halipasuki kwa joto la nta, na linashika mikato midogo. Tafuta vipande viwili bapa vyenye unene wa sentimita mbili hivi, uvisugue kwa msasa mpaka vikutane bila kuacha mwanya. Vitoboe matundu matatu ya pembeni yanayolingana, nje ya duara la picha, na utie vijiti vya mbao ngumu ili pande mbili zisihame wakati wa kukandamiza. Kalibu za kifalme, zilizokuwa za shaba au fedha, zilikuwa na masikio yenye matundu kwa kazi hiyo hiyo.

Chora picha kwenye karatasi nyembamba, uigeuze, kisha uihamishie kwenye jiwe ikiwa kinyume. Kila herufi isomeke kinyumenyume kwenye jiwe, na mkono wa kulia wa mfalme uwe upande wa kulia wako unapoitazama kalibu. Chonga sehemu ya kifua na magoti kwa kina cha milimita tatu hivi, na nguo na maandishi kwa kina pungufu ya hicho. Kuta za kila shimo zitanuke kuelekea juu. Zikiingia ndani kama mtungi, nta itakwama na kumeguka. Kila baada ya muda gandamiza udongo laini wa mfinyanzi ili uone maendeleo, kwa kuwa macho peke yake hudanganywa na picha iliyo kinyume.

Nta ya zama za kati ilikuwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu mkavu wa msonobari, kwa kawaida sehemu mbili kwa moja. Nta peke yake ni laini mno na hushika alama ya kila kidole; utomvu huipa ugumu na kuifanya ishikamane na ngozi. Tabora imesifika kwa nta yake kwa muda mrefu, nayo inafaa kabisa ikiwa imechujwa. Usijaribu kuweka sandarusi ya pwani mahali pa utomvu huo. Ingawa ni bidhaa iliyoipatia Zanzibar jina katika biashara ya vanishi, haiyeyuki katika joto la maji, na kuilazimisha juu ya moto ni hatari.

Gramu 100 za nta na gramu 50 za utomvu hutosha kwa mihuri miwili yenye upana wa milimita 76 na unene wa sentimita moja na nusu. Yeyusha nta katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, kamwe si juu ya moto moja kwa moja, kwa sababu mvuke wake hushika moto. Kuwa na kifuniko karibu, na usimwage maji kwenye nta iliyowaka. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, lakini utomvu huhitaji joto zaidi. Kwa hiyo usage uwe unga, uumimine kidogo kidogo, na ukoroge kwa subira mpaka punje zote zitoweke. Chuja kwa kitambaa cha pamba.

Mabwana wa kale walipata kijani kutokana na kutu ya shaba, na nyekundu kutokana na unga wa zebaki na salfa. Vyote viwili ni sumu, na hakuna sababu ya kuvitumia leo. Nunua unga wa rangi usio na sumu unaouzwa kwa wachoraji, uchanganye kijiko kimoja cha chai na kiasi kidogo cha nta iliyoyeyuka, kisha urudishe mchanganyiko huo chomboni. Ukizidisha, muhuri utakuwa mkavu na kupasuka.

Mimina nta kwenye sinia iliyolowanishwa, na inapoanza kuganda ikate madonge manne yaliyo sawa. Yatie kwenye maji ya uvuguvugu wa takriban nyuzi 45, uyakande mpaka yawe laini kama udongo, kisha uyakaushe vizuri kwa kitambaa. Unyevu ukibaki kati ya madonge mawili hayataungana, na muhuri utafunguka baada ya siku chache.

Hati yako iwe tayari kabla ya kukanda nta. Kunja ukingo wa chini kwa sentimita tatu, toboa matundu mawili, pitisha uzi uliosukwa wa hariri au pamba, na uache ncha za sentimita 20 zikining'inia. Sasa lowanisha kalibu zote mbili kwa kitambaa chenye maji baridi. Sukuma donge la kwanza ndani ya kalibu ya chini kwa kidole gumba, ukianzia katikati na kwenda pembeni ili hewa itoke. Fanya vivyo hivyo kwa kalibu ya juu. Pasha nyuso mbili zitakazokutana kwa dakika moja karibu na jiko, laza uzi juu ya nta ya chini kuanzia ukingo wa juu hadi wa chini, kisha ufunike kwa kalibu ya pili ukifuata vijiti.

Kandamiza kwa jiriwa ya seremala, ukikaza polepole mpaka nta ichomoze kidogo kuzunguka ukingo. Usigonge kwa nyundo. Acha ipoe kabisa ndipo ufungue, na kama kalibu imekatalia, iweke mahali pa baridi kwa muda badala ya kuivuta. Nta iliyochomoza ikatwe kwa kisu chenye joto.

Tano, tofautisha nta na lakiri

Kuanzia karne ya 16, biashara na India iliiletea Ulaya utomvu wa wadudu unaotengenezewa shelaki, na kutokana nao ikapatikana lakiri ngumu inayong'aa, inayofaa karatasi. Barua za kawaida zikahamia huko. Muhuri Mkuu uliendelea na nta kwa sababu lakiri hukatika upesi inapotundikwa, na kadiri muda ulivyopita hata huo ulipunguziwa kazi: sheria ya mwaka 1877 iliruhusu hati nyingi za kawaida zitumie chapa ndogo ya kukandamizwa kwenye karatasi. Siku hizi ofisi inayotoa hati hizo huyeyusha punje za plastiki badala ya nta. Kalibu ya Malkia Elizabeth wa Pili iliyoanza kutumika mwaka 2001, iliyobuniwa na James Butler, ilikuwa ya fedha, ikiwa na uzito wa zaidi ya gramu 4,000 na upana wa milimita 152.

Ukitaka kufunga bahasha ya zabuni au ya mitihani kwa lakiri, kanuni ni ile ile ya barua za kufungwa. Weka tone mahali ambapo kingo zote za bahasha zinakutana, ili isifunguke bila kuvunja chapa. Shikilia kijiti cha lakiri kando ya mwali, si ndani yake, kwa kuwa masizi huitia weusi. Likishapatikana tone la ukubwa wa sarafu, subiri kidogo, kisha kandamiza muhuri uliopozwa kwenye sahani ya barafu na kufutwa, na usiuinue mpaka ukingo wa lakiri upoteze mng'ao. Andika pembeni jina la aliyefunga, tarehe na saa, na umkabidhi mtu mwingine kalibu hiyo aifungie.

Sita, utunze

Adui wa kwanza wa nta katika hali ya hewa yetu ni joto. Dirishani au ndani ya gari inaweza kulainika na kupoteza maandishi hata kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo chumba cha kuhifadhia kibaki kati ya nyuzi 16 na 20 ikiwezekana, na kisibadilike ghafla. Hati ilale bapa. Usiitundike ukutani muhuri ukiwa unaning'inia, kwani uzito wake huipasua ngozi kwenye matundu. Tengeneza kitanda cha sponji laini yenye shimo la ukubwa wa muhuri, ukiutenga na sponji kwa karatasi isiyo na asidi. Pamba mbichi isiguse nta, kwa kuwa nyuzi zake hunasa na kuvunja kingo. Wazee wa Ulaya walitumia vijaluba vya mbao, bati au hata fedha vilivyotengenezewa kila muhuri, na ukikuta hati yenye kijaluba chake usivitenganishe.

Utando mweupe unaotokea juu ya nta mara nyingi ni mafuta yake yenyewe yaliyojitokeza na si kuvu, na fundi wa hifadhi anaweza kuutofautisha kwa hadubini. Wewe ondoa vumbi tu, kwa brashi laini kavu. Maji, sabuni na spiriti visitumike. Muhuri ukivunjika, usiugundishe kwa gundi ya dukani wala kwa kijiko cha moto. Kusanya kila kipande, hata unga, ukitie kwenye bahasha iliyoandikwa namba ya hati, uchore mahali kilipokuwa, na uhifadhi vyote pamoja na hati mpaka mtaalamu atakapopatikana.